Mshale Mdogo

Niliinunua ikiwa ndani ya maboksi kumi na moja,
na kasha moja la viazi lenye kabureta nne.
Velta, mjane wa Ojārs, alizihesabu pesa mara mbili,
akasema, "Aliisikiliza hii kuliko alivyonisikiliza mimi."
Kisha akanibebea tangi hadi garini,
amelipakata kama mtoto aliyesinzia njiani.

Injini haikuwa tena ya kiwandani.
Silinda zimetanuliwa, kamshafti ya mashindano,
fremu imekatwa ikaungwa, ikakatwa ikaungwa,
na kila mahali kipande cha utepe wa karatasi
chenye mwandiko wake wa penseli:
"Hapa nusu mzunguko." "Hapa usikaze sana."
"Hapa niliwahi kukosea."

Machi, Liepāja. Bahari ya Baltiki
inapuliza baridi chini ya mlango wa gereji.
Iliwaka kwa jaribio la tatu.
Majirani wakafungua madirisha, wakayafunga.
Barabarani, hadi mizunguko elfu saba, asali.
Elfu nane, kikohozi,
kisha ulegevu ule
wa mtu aliyesahau neno katikati ya sentensi,
nami nikaisukuma kilomita nne hadi nyumbani
kichwani helmeti, mwilini harufu ya petroli.
Ajabu yake: ukiipumzisha dakika kumi, inawaka
kana kwamba hamkugombana.

Nikaanza juu kwenda chini, mafuta yanavyokwenda.
Chujio, safi. Koki, wazi. Mpira haukujipinda.
Bakuli za kabureta nikazifungua
kwa bisibisi niliyoichonga mwenyewe,
maana vichwa vya skrubu vilishaliwa.
Maboya: milimita kumi na nne. Nikapima tena. Kumi na nne.
Sindano nikazikagua kwa miwani mbili, moja juu ya nyingine.
Jeti nikazipuliza kwa mdomo mpaka ulimi ukafa ganzi,
nikaweka kubwa zaidi, na zaidi,
na bado plagi zikatoka nyeupe kama mfupa.
Njaa.
Tangi limejaa pomoni, na injini inakufa njaa.

Hapo nikaanza kumsema marehemu.
Fundi gani huyu, kila tundu analipanua,
anatega kitendawili, kisha huyo,
anaondoka bila hata kupewa mji!
Rihards, mpwa wangu, alikuwa amenishikia taa.
"Shangazi," akasema, "mwenzio hawezi kujitetea."
Nikamwambia, shika taa.

Wiki ya tatu, usiku wa Alhamisi, imezimika tena uani.
Nikafungua kifuniko cha tangi nione kama mafuta yamo,
na huku nilijua yamo,
na tangi
likavuta pumzi.
Fyuuuu.
Ndefu, kama ya mpiga mbizi aliyechelewa kuibuka.
Rihards akanitazama. Sikumtazama.

Kuna mpira mwembamba wa kulipumulisha tangi:
petroli ikishuka, hewa ikalie nafasi yake.
Ndani ya mpira huo mna vali, punje ya mahindi tu,
hewa iingie, mafuta yasimwagike mtu akianguka.
Ina mshale mfupi kuliko ukope.
Mshale ulitazama nje.

Niliuweka mimi. Januari, kwa mikono hii,
redio ikisoma hali ya hewa, nami nina haraka.
Utepe wake niliubandua kwa kuwa ulichafuka.
Nikaufukua kwenye pipa la matambara, umelowa grisi:
"Mshale utazame tangi. Usiulize nilijuaje."

Kuigeuza vali, sekunde mbili.
Elfu nane. Elfu tisa. Elfu kumi na moja,
na taa za bandari zikawa mstari mmoja.
Nilipita mtaa wa Velta, sikupiga honi,
taa ya jikoni ilikuwa inawaka.

Utepe nikaurudisha mahali pake.
Nilitaka kuongeza neno chini yake,
penseli ikateleza kwenye grisi, nikaacha.

Jumapili Velta akapiga simu.
"Ulipita," akasema.
Nikasema ndiyo.
Akanyamaza kidogo, nikasikia kijiko kikigonga kikombe.
"Gia ya nne umeichelewesha."